Mashahidi wa Mwingereza

Kila baada ya sala ya alasiri Tamima alimtia Bi Sheha dawa ya macho, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto. Siku hiyo hajalifikia la kushoto, mlango wa ua ukasukumwa. Baba yake, Saud, aliingia na wazee wawili wa mtaa wao wa Ibra, huku Oman: Khalaf na Mahrous, wamefunga vilemba kama waendao kwa sheikh.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuletea mashahidi."

"Marahaba. Mashahidi wa nini? Nimeua?"

"Wa kwamba umezaliwa chini ya Mwingereza."

Tamima aliifunika chupa ya dawa. Wiki nzima alikuwa akimfafanulia baba yake jambo hilo, na wiki nzima baba alilisikia kwa namna ya Ibra: mtu akitaka uraia, huenda kwa sheikh, na watu wawili wakaapa kuwa ni wa kabila.

"Baba, pasipoti ya Bibi wameitoa Waingereza wenyewe. Ni ile isiyomruhusu kuishi kwao. Mwaka huu ndio wamefungua mlango: mwenye pasipoti kama hiyo, na hana uraia mwengine popote, anaweza kuandikishwa raia kamili. Mashahidi hawawataki."

"Mashahidi hutakiwa kila pahala."

Mzee Khalaf akakohoa. "Mimi naapa baba yake Bi Sheha kazaliwa hapa hapa, nyuma ya mfereji wa falaji."

"Hilo usiliseme, ami," alisema Saud. "Utaharibu."

"Haharibu," alisema Tamima, kwa sauti yake ndogo. "Kenya ilipopata uhuru iliwachukua moja kwa moja waliozaliwa kule, ambao na mzazi wao mmoja kazaliwa kule. Bibi kazaliwa Nakuru, lakini baba yake wa Ibra, mama yake wa Unguja. Kenya ikamwacha, akabaki mikononi mwa Waingereza."

Bi Sheha akacheka, jicho moja likimtoka maji. "Kumbe mimi Mwingereza kwa sababu ya Ibra. Na Ibra yenyewe, je?"

Maombi yake ya uraia wa Oman yalikuwa yamelala tangu Tamima yuko skuli ya watoto. Na Oman haitaki mtu wa uraia wa pili. Akiandikishwa Uingereza, maombi ya huku yamekufa.

"Atakwenda kukaa na nani huko, Baba?"

"Nani kasema anakwenda kukaa? Karatasi tu."

"Karatasi ya nini, kama haendi?"

"Usinihoji mbele ya watu."

Tamima aliichukua tena chupa ya dawa, masikio yakimwaka. Ndipo Mzee Mahrous akajiegemeza kwenye bakora yake.

"Lakini mtoto kauliza vyema. Tumevaa, tumekuja. Unataka tushuhudie nini, Saud?"

Saud alikaa kwenye mkeka. Kila viza ya shangazi ilipokwisha ni yeye aliyempeleka Dubai na kumrudisha kwa viza mpya, ni yeye aliyesimama kwenye dirisha la uhamiaji akiulizwa na kijana wa makamo ya mwanawe, bibi huyu ni nani kwako, na mpaka lini.

"Kwamba nimechoka," alisema, bila ya kumtazama shangazi yake. "Nampenda, na nimechoka kumdhamini."