Rangi Nne za Wavu wa Tolliver

Mdogo wangu Delano ana pete tatu za ubingwa, na huzivaa zote kwa pamoja hata akienda dukani kununua samaki. Nimeziangalia pete hizo miaka hamsini. Nazijua kuliko mkewe anavyozijua.

Mwezi wa pili bodi ya shule ya Hadley Fork ilitangaza kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi itapandisha bango kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu: NASABA, 1971, 1972, 1973. Yaani timu ya Delano ilitawala jimbo kama ukoo wa wafalme, na sasa iandikwe hivyo kwa herufi za dhahabu.

Nilizipata habari hizo kwa Cleon kinyozi, povu likiwa limenifunika nusu ya uso.

"Lem, mdogo wako anatawazwa," Cleon akasema. "Utampigia magoti au utabaki umekaa hapo hapo kwenye kiti changu?"

"Tangu lini miaka mitatu ikawa nasaba?"

"Mitatu mfululizo, mzee. Hao watu wanahesabu hivyo."

"Tolliver tulichukua minne. Sitini na nne, na tano, na sita, na saba. Yote nilikuwemo."

"Haya, kaanza," mtu mmoja akasema kwenye benchi. "Mzimeni kabla hajafika jalalani."

Nilifika jalalani. Siku zote nafika. Tolliver ilikuwa shule yetu sisi weusi, na tulicheza katika ligi ya shule za weusi kwa sababu ile ya wazungu haikututaka. Kiangazi cha mwaka sitini na tisa wakasema wanaiunganisha shule yetu na ya wazungu, Hadley Fork. Maana yake walifunga ya kwetu. Vikombe vyetu vikapakiwa kwenye lori, vikamwagwa jalalani pamoja na viti vibovu. Ilikuwa Jumanne. Jina la dereva ninalo. Ligi yetu ikavunjwa, daftari zake hazijulikani zilikokwenda, na gazeti la mji halikuwahi kuandika hata mechi yetu moja. Halafu Delano akaingia Hadley Fork kwa mlango uliofunguliwa kwa kubomolewa shule yetu, akashinda, akapanda gari lisilo na paa kuzungushwa mjini, na wazungu walewale wakamrushia maua. Nilisimama kando ya barabara siku ile. Sikupiga makofi.

Jumanne nilikwenda kwenye kikao cha bodi. Mwenyekiti ni Bi. Carolyn Stroud, mwanamke wa kizungu mwenye sauti ya taratibu.

"Bi. Stroud, hebu niambie. Nasaba ni nini?"

"Ubingwa mara tatu mfululizo au zaidi, Bwana Gaskins. Na uwepo ushahidi. Kombe, picha, chochote."

"Ushahidi mliutupa nyinyi."

"Mimi nilikuwa darasa la pili."

Ukumbi ukacheka. Akangoja wanyamaze. "Niletee kitu kabla bango halijapanda, na jina la Tolliver litakuwepo. Usiponiletea, siwezi kuandika kumbukumbu za mtu mmoja ukutani."

Kitu kilikuwepo zamani. Mkishinda ubingwa, mnaleta ngazi, na kila mchezaji anapanda na mkasi kukata uzi mmoja wa wavu wa kikapu. Hadley Fork walikuwa wakiukata wavu mzima, kesho yake wananunua mwingine. Tolliver tulikuwa na wavu mmoja. Basi kila mmoja wetu alikata kitanzi kimoja tu, katika safu moja tu, na Bi. Odessa Pruitt, mwalimu wetu wa ushonaji, alivisuka upya kwa kamba ya rangi. Mwaka wa kwanza safu ya juu, nyekundu. Wa pili chini yake, buluu. Kisha kijani, kisha manjano. Mwisho wa kila safu alishonea kitambaa chenye mwaka na matokeo ya fainali. Ole wako uguse safu ya mwaka uliopita! Wavu ule nao, nilivyojua mimi, ulikwenda na lile lori.

Alhamisi mchana nikaenda kwa Delano kumwambia asipande jukwaani. Verlene mkewe alikuwa akikaanga kambare.

"Shemeji, kula kwanza ndipo ugombane," akasema.

"Sili. Dell, Jumamosi usiende."

"Kwa nini nisiende?"

"Kwa sababu unajua. Unajua nani alikuwa wa kwanza mji huu."

"Kaka, una miaka sabini na mitano. Hujachoka?"

"Wewe umechoka kuvaa hizo pete?"

Verlene akazima jiko. "Dell, mtolee," akasema. "La sivyo namtolea mimi."

Delano akaingia chumbani, akarudi na kisanduku cha kofia. Ndani yake mlikuwa na wavu. Nyekundu, buluu, kijani, manjano.

"Uliutoa wapi?"

"Jalalani. Jumanne ile ile ya lori. Vikombe vilikuwa vimeshapondwa."

"Ukanyamaza miaka hamsini na minne? Ukinisikia nikiitwa mwongo kwa Cleon?"

"Unajua kuwa mdogo wako kulikuwaje, Lem? Nikifunga pointi ishirini, mama anasema, 'Vizuri, mwanangu. Lem alikuwa anafunga thelathini.' Mji mzima unanirushia maua, narudi nyumbani nakuta wewe ndiye mfalme. Wavu ukikaa kabatini, nasaba ni moja tu. Yangu."

Nilikasirika, ndiyo, hadi masikio yakawaka. Lakini chini ya hasira kulikuwa na utamu, siwezi kuukana. Kumbe na yeye! Miaka yote ile, mwenye pete tatu alikuwa akinionea wivu mimi.

"Nipe."

"Sikupi. Nitaupeleka mwenyewe, mbele ya watu. Mimi niliuficha, mimi nitautoa."

Sikumwamini. Siku mbili sikula vizuri.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Bango lilikuwa bado limekunjwa chini ya ukuta. Delano akapanda, pete zote mkononi, akainua wavu juu. "Kabla yetu kulikuwa na Tolliver," akasema. "Walichukua minne. Niliuficha wavu huu kwa wivu. Lem ni kaka yangu na hakuwahi kusema uongo." Bi. Stroud akasoma vitambaa kimoja kimoja kwenye kipaza sauti: mwaka, matokeo, mwaka, matokeo. Aliposoma cha nne akawageukia wafanyakazi, akasema bango lisipande. Litaandikwa upya, Tolliver juu.

Watu wote wakasimama. Wakapiga makofi, wakapiga miluzi. Walimpigia Delano! Mwanamke aliyekaa pembeni yangu alifuta machozi. "Mdogo wako ana moyo wa ajabu," akaniambia. Nimepiga kelele miaka hamsini na minne bila mtu kunisimamia. Yeye kasema maneno machache, kasimamiwa na ukumbi mzima. Hata kuficha kwake kumemletea makofi.

Akashuka, akaja moja kwa moja hadi kwenye kiti changu, akaniwekea wavu magotini.

"Chako kipi?"

Sikuhitaji kutafuta. Ninacho katika kila safu, lakini jicho lilikwenda kwenye ya kijani, mwaka sitini na sita, kitanzi cha tatu kutoka kwenye kitambaa. Bi. Pruitt alikuwa amekikaza mpaka leo hakijalegea. Nikaingiza kidole changu ndani.

Delano akainama, naye akataka kuingiza chake.

"Toa mkono," nikamwambia. "Wewe una pete."