Ndoo Tatu za Bi Mkubwa

"Huyu ni nguruwe au mgeni wa heshima?" Mjomba Shanbor aliuliza, ameegemea uzio wa mianzi, shavu limejaa tambuu.

Phidalia aliendelea na kazi yake. Alimimina kwenye hori ndoo ya tatu ya siku hiyo: mahindi ya kupondwa, viazi vitamu, machicha ya pombe ya mchele, soya iliyochemshwa mpaka ikalainika, na gao la samaki wakavu ambao yeye mwenyewe hakuwaonja wiki nzima. Bi Mkubwa, kama kijiji kilivyomwita nguruwe wake kwa utani, alizamisha pua mpaka machoni. Watoto wake tisa wakagombea chuchu chini ya tumbo.

Kwao, kwenye vilima vya Wakhasi huko India, nguruwe anayenyonyesha hupewa uji mwepesi. Bibi zao walifanya hivyo, wakiogopa kwamba chakula kizito kitaharibu maziwa na watoto wataharisha. Phidalia naye aliufuata uji huo uzao wa kwanza na wa pili, na mara zote mbili Bi Mkubwa alimaliza kunyonyesha mbavu zikihesabika, kisha akakaa miezi bila kutaka dume. Mara ya pili ilikuwa miezi minne. Watu wakasema tumbo limefunga. Mjomba, ambaye kwa Wakhasi ndiye mwenye kauli nyumbani kwa dada yake, akakata shauri kwamba akishaachisha uzao huu wa tatu, achinjwe kwenye harusi ya Riphi, mdogo wake Phidalia.

Riphi alikuwa kitinda mimba, na nyumba na shamba vilikuwa vyake kwa desturi yao ya kumrithisha binti wa mwisho. Phidalia, mkubwa wao, alikuwa na banda hili na mnyama huyu mmoja. Akichinjwa, angebaki kulea nguruwe wa watu.

Aliyemtoa kwenye uji ni daktari wa mifugo, mwanamke mdogo mwenye mabuti ya mvua, aliyepita siku chache baada ya Bi Mkubwa kuzaa. Alimpapasa uti wa mgongo akatikisa kichwa.

"Dada Phida, mayai ya mimba ijayo hayasubiri umwachishe. Yanaandaliwa sasa hivi, ananyonyesha. Ukimnyima, anajila mwenyewe ili atoe maziwa, na kichwa kikishaona njaa kinaacha kutuma homoni za kuyaamsha. Mlishe mara tatu. Maji yasikauke."

Phidalia akaenda kwa mjomba wake kumwomba wiki moja tu baada ya kuachisha. Mjomba alicheka mpaka tambuu ikampalia. Mbele ya watu akasema kwamba nguruwe huyo akionyesha kutaka dume kabla ya harusi, atachinjwa wa kwake yeye Mjomba, yule dume aliyemhasi, mnono, anayejivunia kwa kila mtu.

Jumapili baada ya ibada, watoto tisa wakatengwa na mama yao. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Nguruwe anayetaka dume akikandamizwa mgongoni husimama tuli. Jumanne Phidalia alimkandamiza mgongoni kwa viganja, Bi Mkubwa akaponyoka. Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi jambo baya zaidi likatokea: mla ndoo tatu alinusa hori, akaliacha, akabaki kuzunguka banda akikoroma. Phidalia alidhani amemuua kwa kumlisha. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia bila kujificha.

Ijumaa asubuhi, siku ya kuchinja, Mjomba alikuja na kamba na vijana wawili wa kushika miguu. Majirani nao walikuja, kwa kuwa hakuna aliyetaka kusimuliwa.

"Mpwa wangu, nilikupa wiki yako," alisema, kwa upole kidogo. Akaingia bandani, akamsukuma Bi Mkubwa nyongani ili atoke.

Hakutoka. Mjomba akaegemeza viganja vyote viwili mgongoni, akasukuma kwa uzito wake wote. Masikio ya Bi Mkubwa yakasimama wima, miguu ikakita kwenye matope. Phidalia aliona nyama za chini ya mkia zilivyovimba na kuwa nyekundu. Kumbe kususia chakula kwa jana hakukuwa ugonjwa; alikuwa anataka dume.

"Mjomba," akasema, "mkalie."

"Nimkalie nani?"

"Mkalie mgongoni. Si umesema wiki ni yangu?"

Watu walikuwa wameshaanza kucheka, na Mjomba hakuwa mtu wa kukimbia kicheko. Akapandisha mguu, akakaa. Bi Mkubwa hakutikisika. Mzee alikaa pale akitafuna, akatazama kulia na kushoto, kisha akawaambia wale vijana, bila kumwangalia mpwa wake, waende kwake. Walijua banda la yule mnono lilipo.

"Na kamba?" mmoja akauliza.

"Kamba mwachieni Phida."

Phidalia aliifunga bila haraka, akamtoa Bi Mkubwa bandani. Mwenye dume alikaa ng'ambo ya kilima, na njia ilipita mbele ya turubai la harusi. Riphi, nywele nusu zimesukwa, alitoka kumpungia dada yake mikono. Wanaume waliokuwa wakinoa visu wakavivuta vigoda vyao pembeni kuwapisha.

Kwenye kona ya misonobari upepo ukageuka, ukaleta harufu ya dume. Bi Mkubwa akainua pua. Kamba ikakazika mkononi mwa Phidalia, naye akaanza kukimbia.