Jina la Kathini

Mtoto wa Mwelu alikaa wiki mbili pale mtaani Baba Dogo bila jina. Majirani walimwita Mgeni. Kwa desturi ya Wakamba, binti wa pili hurithi jina la mama wa mama yake. Jina hilo lilikuwa Kathini, na Mwelu alilikataa kwa kunyamaza.

“Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,” alisema Nthenya, mdogo wa marehemu mama yake, akimpakata mtoto. “Huyu atashika jembe lini? Dada yangu umemfungia nje, Mwelu!”

Mwelu aliinamisha kichwa. Akilini alimwona tena mama yake kanisani, amemsalimu mchungaji, vidole vimekataa kufunguka. “Mwachie, Mama Mwelu, ana mke huyo!” watu walicheka, naye mama akacheka nao. Halafu nyama ikamwisha miguuni, kope zikalegea, na moyo ukasimama kabla hajaota mvi. Shangazi wa mama, aliyempa jina hilo, naye vidole vilimkwama, ila uzeeni. Kathini wa kwanza uzeeni, wa pili ujanani. Wa tatu je? Mwelu aliona jina lile linatembea na mkono huo usiofunguka.

Lakini Mgeni alikuwa amelegea kama kitambaa kibichi, na kunyonya kulimshinda. Mwelu akampeleka zahanati.

Daktari Waruguru alimsalimu kwa mkono. Alipotaka kuuondoa wake, vidole vya Mwelu havikuachia.

“Ni baridi tu,” Mwelu alinong’ona. “Nimetoka kufua.”

Daktari hakuvuta. Alingoja vidole vifunguke, kimoja kimoja, kisha akauliza habari za ukoo. Mwelu akamweleza juu ya jina.

“Na baba wa mama yako?”

“Yeye macho tu. Yalifunga ukungu mapema.”

“Ukungu huo ni dalili ya ugonjwa huu. Huyo naye alikuwa nao, na hakuitwa Kathini.” Daktari akasogeza kiti. “Kila chembe ya mwili ina maagizo. Hunakili agizo, nakala ikatumwa kazini. Kwenu kuna neno fupi linalorudiwa, kama kaseti iliyokwama. Nakala yake inajikunja humo ndani, inanasa vifaa ambavyo chembe inahitaji kwa kazi nyingine. Wataalamu wameanza kushuku kwamba nakala yenyewe ndiyo sumu. Na mzazi anapompa mtoto, neno huzidi kurefuka, na ugonjwa huwahi zaidi.”

“Dawa?”

“Ya kuliondoa, bado. Tutapima damu, lakini sitakuficha: nadhani wewe na mtoto mnao. Kwa sasa mkamulie maziwa, umnyweshe kwa kijiko.”

Mwelu alirudi nyumbani akiuogopa mwili wake mwenyewe, jinsi ulivyokuwa ukisema neno lile kimya kimya miaka yote, yeye akiviringa chapati, akiimba.

Nthenya alikuwa mlangoni. “Haya, jina?”

“Kathini.”

Nthenya akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Mwelu aliketi kitandani, akakamua maziwa kwenye kijiko. Tone la kwanza likamwagika kwenye kidevu. La pili mtoto alilimeza.