Bilauri za Ndege za Verlin

Mimi Lorene nilitaka kitu kimoja tu katika nyumba yangu hapa Ohio: kunywa maji kwa bilauri. Bilauri tunazo kabati zima, zimechorwa ndege wa kila aina, zile ambazo kituo cha mafuta kiligawa bure zamani ukijaza tangi. Ila mume wangu Verlin amezifungia, na tangu anioe nanywea vikombe vya karatasi.

Kila Jumamosi anaziosha, ingawa hakuna aliyezitia mdomoni. Anavua pete ya ndoa isije ikakwaruza rangi, anatandika taulo ndani ya sinki, anapima uvuguvugu wa maji kwa kiwiko. Binti yetu alipokuwa mchanga, Verlin hakuwahi kumwogesha hata mara moja. Roho iliniuma, nasema wazi.

Sikukuu ya Shukrani akazipanga mezani ili wageni watazame. Tulipomaliza bata mzinga, akasinzia mbele ya televisheni. Garrett, mchumba wa binti yetu, kijana aliyelelewa vizuri, akakusanya vyombo vyote, akavipakia kwenye mashine ya kuoshea.

Mngurumo ndio uliomwamsha Verlin. Akafungua mashine, mvuke ukampiga usoni. Bilauri zilikuwa nyeupe pee, hakuna hata unyoya.

"Bundi wangu! Umemchuna bundi wangu, we mtoto!"

"Nisamehe, mzee. Nilidhani ni bilauri."

Kesho yake wakusanyaji wenzake wa bilauri wakaja kuhani, kila mmoja na bakuli lake la tambi za kuokwa, kama inavyopasa mtu akifiwa. Wakavua kofia mbele ya zile bilauri. Nikajiuliza, sasa ndege hawapo, nani atanizuia? Nikachukua moja, nikaijaza maji ya baridi, nikanywa yote. Matamu jamani! Machozi yalinitoka.

"Usiiguse tena!" akapiga kelele Opal, mwenyekiti wao. Akaninyang'anya, akaiinua kwenye mwanga. Ukingoni rangi yangu ya mdomo ilikuwa imeacha alama, nyekundu, mdomo mzima.

"Verlin! Hii imechorwa kwa mdomo wa mtu. Dunia nzima iko moja tu."

Verlin akaipokea kwa mikono miwili. "Hii haioshwi," akasema. Akairudisha kabatini pamoja na zile nyingine, akageuza ufunguo.

Siku hizi Jumamosi hana cha kuosha. Anavuta kiti mbele ya kabati, anautazama ule mdomo mpaka chakula kinapoa.

"Lorene, hebu njoo uone ulivyo mzuri!"

Mimi niko nyuma yake na kikombe changu cha karatasi. Mdomo wenyewe ninao hapa usoni, nimeupaka rangi ileile, namsubiri ageuke.