Uso wa Mkwe

Hezroni aliposikia ndala za mkwe wake zikikaribia jikoni, aliinuka kwenye kigoda, akazunguka nyuma ya nyumba na kusimama migombani mpaka Tusekile alipotua sufuria na kuondoka. Ndivyo walivyoishi tangu mwanawe Gwamaka amwoe. Mkwe hamtazami baba wa mumewe usoni, na baba hamtaji mkwe kwa jina. Zamani maneno yote yalipita kwa Beatrice, mkewe Hezroni, na wageni wa chumba chao cha kupangisha aliwapokea yeye. Lakini Beatrice alifia kwenye benchi la zahanati akimngoja mganga aliyekwenda semina. Gwamaka yuko Tunduma, anapakia malori.

Mgeni wa mwisho, mama mmoja wa Dar es Salaam, alimwona pale migombani. Akaandika kwenye ile programu ya simu inayopangisha vyumba: Chumba kisafi, samaki watamu, ila mwenye nyumba anajificha na kuchungulia watu. Sikujisikia salama. Akampa nyota moja. Kesho yake chumba kilikuwa kimefutwa.

Godwin, afisa wa kata, ndiye aliyepita Matema nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba mgeni asiyepitia kwenye programu haruhusiwi kulala kijijini. Sasa alikuja na simu mkononi.

"Ndaga, tata," alimsalimia mzee kwa Kinyakyusa.

"Ndaga. Wenye programu wamesemaje?"

"Wanataka video. Wewe na anayehudumia wageni, mmesimama pamoja, nyuso wazi, mnatazamana na kusalimiana. Wakiridhika wanakurudisha."

"Nisimame na mkwe?"

"Sasa usimame na nani, na mbuzi?"

"Si uwaambie ni mila? Wewe mtoto wa hapa. Mama yako alimkimbia babu yako mpaka tunamzika."

"Niliandika. Ikajibu haielewi."

"Nani haelewi?"

"Si mtu, tata. Ni programu yenyewe."

"Basi nipe mtu niseme naye."

Godwin akacheka. "Mtu wake huku ni mimi."

"Na akija mgeni kwa miguu yake, nikamlaza?"

"Nitakuja na mgambo tufunge mlango. Usinichukie, ni agizo."

Hezroni alitazama chini. Mgongo mbovu ulishamtoa kwenye uvuvi ziwani. Kakao ilikuwa imeozea mtini. Kilichobaki kuwalisha yeye, mkwe na mjukuu ni chumba kile.

"Mwambie huyo aliye ndani," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Godwin aliongea mlangoni. Tusekile akajibu kutoka gizani, naye Hezroni akasikia kila neno.

"Nikishamtazama, kaka, nitakaa humu nikiwa nani?"

"Utakaa ukiwa mhudumu wa nyota tano. Au mtoto utamlisha mila?"

Alitoka, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi. Godwin akaishika kanga na kuivuta mwenyewe mpaka mabegani.

"Mtazamane. Salimianeni."

Hezroni aliinua macho. Hakuwahi kujua kwamba mkwe wake ana baka jeusi chini ya jicho. Machozi yalikuwa yanapita juu yake.

"Hujambo," Hezroni alisema.

Midomo ya Tusekile ilicheza bila sauti.

"Imekataa," Godwin alisema. "Rudieni. Na mtabasamu, jamani, hapa si msibani."

Wakarudia. Wakarudia tena. Simu ikalia.

"Imekubali! Na video hii wataiweka juu kabisa, kila mtu aione. Huyo! Hata mgeni ameshapatikana, wa kesho. Anataka samaki, mbasa wa kukaanga."

Tusekile alikuwa ameingia ndani. Alitoka na mtoto mgongoni na furushi kichwani, akawapita bila kufunika uso, akashuka ufukweni. Mtumbwi wa kwenda Ikombe, kwa mama yake, ulikuwa unapakia.

Hezroni akamfuata, akichechemea. Mtumbwi ulisukumwa majini yeye akiwa bado mchangani. Alifungua mdomo. Mkwe haitwi. Jina lile hakuwahi kulitia kinywani, wala hakujua angelitamka vipi mbele ya watu.

"Mwite," alimwambia Godwin, aliyekuwa nyuma yake. "Wewe mwite!"

"Subiri, tata, usisogee." Godwin alikuwa ameinua simu. "Hapo pazuri mno. Geukia huku, ziwa libaki mgongoni. Eeh. Mpungie mkono mgeni wa kesho."

Nyuma yake makasia yalipiga maji. Hezroni akainua mkono.