Mama Aliyetembezwa Ngome kwa Simu

Mama alisema amechoka kuuona ukuta wa chumba changu. Kila nikipiga simu ya video niko kitandani, yeye anaona mto na ukuta. "Nchi ya watu yote hiyo, haina kitu kingine?" Basi siku yangu ya mapumziko, badala ya kulala, nikaenda kutembezwa ngome, simu mkononi.

Nyumbani walijaa. Mama kashika simu, shangazi kamlalia begani, na jirani yetu fundi cherehani anachungulia kwa nyuma, tepu shingoni. Huku nilikuwa na mwongozaji, mzee mwembamba anayeijua ngome ile kama mifuko ya koti lake. Alizungumza lugha ya huku, mimi nikawafasiria.

Akaanza na wafalme na mizinga. Nyumbani hawakutaka mizinga.

"Muulize walikuwa wanapika wapi," akasema shangazi.

"Na wake zao?" akadakia fundi. "Au walijifungia wanaume watupu humo? Ndiyo maana walikuwa hawaishi kupigana!"

Nilipomfasiria, mzee alicheka, akatupeleka jikoni, kwenye dari yenye masizi hadi leo. Akasema mke wa kamanda na mke wa mpiga tarumbeta walinuniana humo mwaka mzima.

"Kisa?" akauliza shangazi.

"Anasema hakijulikani."

"Basi huyo hajui kitu."

Walicheka, nami nikajitahidi kucheka. Wiki nzima nilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nakunja mashuka zamu mbili mbili, maana mwenzangu kaacha kazi. Nyayo zilikuwa zinawaka moto. Mama hakulijua hilo. Angelijua angesema rudi, na nilichoogopa ni kwamba ningekubali.

Kwenye kisima mzee akaanza kueleza, nami nikaegemea ukuta.

"Mbona tunaona viatu?" Sauti ya Mama ikanishtua.

"Nawaonyesha sakafu, Mama. Ya zamani sana."

Akaachana na sakafu. "Mgeuzie mzee simu. Muulize, yeye mjuzi wa kila kitu, mwanangu anamwonaje?"

Nikauliza kama nilivyotumwa. Mzee akavua kofia, akajibu kwa kirefu. Kwamba nimesinzia nimesimama, jikoni na hapa. Kwamba kila tulipoingia nilitafuta ukuta kabla ya kutafuta cha kutazama. Kwamba nikalale, ngome haiendi popote.

"Anasema niko salama," nikafasiri.

Mama akaisogeza simu karibu na uso wake. 

"Yeye kasema maneno ya kujaza debe," akasema Mama, "wewe umeniletea kijiko. Nipe yote."

Nikaketi chini, mgongo kwenye kisima, nikampa yote. Katikati simu ikaniteremkia mapajani. Mzee akanipokea simu, akanishikia mbele ya uso wangu.

"Rudi nyumbani, mwanangu," akasema Mama.

"Anasemaje?" akauliza mzee.

Nikamwambia.

"Na wewe umemjibuje?"

"Nimekubali," nikamwambia mzee, kwa lugha yake, maana kwa yetu nilikuwa bado sijaweza.

"Umemwambia nini huyo?" akauliza Mama.

Nikamfasiria.