Mwanya Kando ya Ngazi

Ngazi ya nyumba ya wageni ya Mama Skolastika, pale Kigoma mjini, ilikuwa imejengwa lakini haijaisha. Vidato vilikaa sawa, ila ubavuni, ilipokutana na ukuta, palibaki mwanya wa kuingiza kidole. Wilfred, seremala wa Mwandiga, alikata mbao nyembamba za kuuziba, akazitupa moja baada ya nyingine. Mbao zilinyooka, ukuta ulikuwa na mawimbi.

Aliyemwokoa ni Telesphory, seremala Mrundi aliyekimbia vita na mkewe Verediana, Wilfred akawapa chumba uani kwake. Telesphory aliuegemeza ubao ukutani, akashika penseli na kijiti pamoja, akauchora huku kijiti kikifuata kila kibonde na kila kinundu cha ukuta. Alipoukata kwa mstari ule, ukakaa kana kwamba umeota pale.

Familia hizo mbili zilikula sinia moja. Dainess, mke wa Wilfred, alipojifungua, Verediana ndiye aliyemkanda.

Ndipo likaja tangazo: wakimbizi wote wanaoishi mitaani waende makambini. Telesphory akataka kuondoka. Wilfred akacheka.

"Kiha chetu na Kirundi chenu nani atavitenganisha? Wakija nitasema wewe ni mtoto wa mama mdogo, umetoka Kalinzi. Kaa tumalize kazi."

Mgambo waliingia asubuhi moja, Telesphory akiwa amepiga magoti chini ya ngazi, akiunganisha ubao wa ukutani na ule wa sakafuni. Mkubwa wao aliuliza kwa upole tu.

"Fundi, huyu ni nani wako?"

Hakumtisha. Hakuinua rungu. Hilo ndilo lililomtafuna Wilfred baadaye, kwamba hata kutishwa hakutishwa.

"Kibarua," alisema. "Amekuja juzi kuomba kazi. Kwao sikujui."

Telesphory akainua uso, akamtazama. Kisha akaubonyeza ubao mpaka ukakaa, akafuta gundi iliyochuruzika, akasimama.

"Nina mke," aliwaambia mgambo. "Naomba tumpitie."

Mama Skolastika alikuwa mlangoni pa jikoni. Alisikia yote. Akageuka, akarudi ndani.

Wilfred alishinda pale akipiga msasa mahali palipokwisha kupigwa, maana alijua gari litapita kwanza nyumbani kwake. Alipofika jioni, chumba cha uani kilikuwa wazi, na Dainess amempakata mtoto.

"Wamewachukua. Kwani hukuwaambia ni ndugu yako?"

"Niliwaambia. Hawakunisikiliza."

Dainess akamwamini, hadi alipokutana na Mama Skolastika sokoni. Hakugomba. Alimwekea Wilfred chakula kwenye sahani, peke yake, yeye akaenda kula kwa jirani. Wilfred alitamani angetukanwa.

Jumapili alidandia lori hadi kambini, njia ya Kasulu. Alimkuta Telesphory akisimamisha nguzo za kibanda. Verediana alimkaribisha vizuri, akampa uji, akauliza kama mtoto ameanza kukaa. Wilfred akauweka chini.

"Nilikukana," Wilfred alisema mwishowe.

"Nilikuwepo," Telesphory akajibu.

"Nisamehe, ndugu yangu."

Telesphory alishindilia udongo kwenye nguzo kwa kisigino.

"Kule kwetu jirani alitutaja, akaja na watu wenye mapanga. Wewe hukuja na mtu. Tofauti naijua. Lakini hilo neno ndugu liache kwanza, Wilfred. Linaniuma."

Wilfred akainama, akashika nguzo ya pili bila kuombwa. Telesphory hakumzuia, wala hakumshukuru.

Tangu hapo alikwenda kila alipopata lori. Walizungumza habari za mvua, za mbao, za homa ya Verediana. Siku moja Dainess alifuatana naye, wale wanawake wakakumbatiana na kulia, na nyumbani Dainess akarudi kula naye. Telesphory alimpa mkono kila mara, akamwita fundi, basi.

Masika yalipokwisha Wilfred alikuta kibanda kina watu wengine. Wale wawili walikuwa wamehamishiwa kambi nyingine.

"Hawakuacha ujumbe?" aliuliza.

"Wa nani?"

Akataja jina lake. Wakatazamana, wakatikisa kichwa. Wilfred akasema si kitu, hakuwa akitarajia ujumbe wowote. Kisha akasimama barabarani kusubiri lori, uso kaugeuzia porini, watu wasimwone.